Aliyekwenda Kufundisha Akafundishwa

Mazungumzo ya redioni. Somo: Kutoka 2:15–22 na Kutoka 18:13–24



Siku chache zilizopita tulipokea barua ya mama mmoja. Binti yake amemaliza masomo ya uuguzi, naye amepata kazi Garissa. Mama huyo anatuuliza maswali mawili. La kwanza: "Mtoto wangu atawafundisha nini watu wale?" La pili: "Nao watamfanyia nini?" Swali la pili ameliandika kwa herufi kubwa.

Mama, hatukukujibu upesi, maana barua yako ilitunyamazisha. Baadhi yetu tunaotayarisha mazungumzo haya tulifanya kazi huko miaka kadhaa, nasi tunakijua kile unachokiogopa. Leo twataka kukujibu, na wengine wasikilize pamoja nawe. Lakini kwanza tuifungue Biblia.

Musa alikuwa mtu wa shule. Stefano, katika Matendo ya Mitume sura ya 7, anatukumbusha kwamba Musa alisomeshwa elimu ya Misri, na Misri ya siku zile ndiyo iliyokuwa na majumba makubwa, majeshi, maandishi na waganga. Kisha Musa huyo msomi akakimbia, akafika jangwani, akaketi kando ya kisima. Hakuwa na kitu. Mzee mmoja wa Midiani aliposikia kwamba mgeni ameachwa kisimani, aliwakemea binti zake, akawatuma wamwite aje kula. Musa akakaa katika nyumba ile, akaoa huko, akachunga kondoo wa mkwewe miaka arobaini.

Baadaye, alipokuwa kiongozi wa taifa zima, mzee yule yule, Yethro, alikuja kumtembelea. Akamwona akiamua mashauri ya watu toka asubuhi hadi jioni, akamwambia waziwazi kwamba jambo lile si jema, atachoka yeye na watu pia. Akamwonyesha njia ya kugawa kazi. Naye Musa, aliyesema na Mungu mlimani, alimsikiliza mchungaji wa Midiani na kufanya yote aliyoshauriwa.

Tumesema "mchungaji." Sisi kanisani tumezoea mchungaji mwenye kola nyeupe. Huko Kaskazini Mashariki mchungaji ni yule anayenuka mbuzi. Mungu alimpitisha Musa kwanza katika shule ya mchungaji wa namna hiyo, kabla ya kumtuma kwa Farao.

Sasa twende Garissa. Ukitoka Nairobi kupitia Thika na Mwingi, unateremka kutwa mpaka Mto Tana. Ukivuka daraja umefika mjini. Mashamba yamebaki nyuma yako. Mbele ni mchanga, miiba, mbuzi na ngamia, na njia ya kwenda Wajir na Mandera. Nchi hiyo iliitwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki mpaka serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013. Wenyeji wengi ni Wasomali, nao ni Waislamu. Wakristo wa huko wengi ni walimu, wauguzi, askari na makarani waliotoka bara.

Tulipofika tulimsikia mtu akisema, "Kesho nasafiri Kenya," kumbe anakwenda Nairobi tu. Tulicheka. Kisha tukajifunza kwa nini husema hivyo. Nchi ile ilikuwa na vita tangu 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zikawakalia wenyeji mpaka mwaka 1991. Mtu aliyeishi namna hiyo haoni kwamba Kenya ni nyumbani. Huiona ni mahali pa kusafiri kwenda. Basi tukaacha kucheka.

Jambo jingine tulilojifunza lilituhusu sisi wenyewe. Tulidhani Mmagharibi ni Mzungu peke yake. Lakini machoni pa mzee wa Garissa, Mkamba, Mluya, Mkikuyu na Mwitaliano hukaa benchi moja. Sote tumekuja na saa mkononi, kalenda ukutani, kitanda cha chuma, mlango unaofungwa kwa ufunguo, na cheti cha shule. Sote twadhani tumekuja kutoa. Injili tuliipokea kwa mikono ya wamisionari, na pamoja na Injili tukapokea desturi nyingi za kwao, hata tukasahau ipi ni Injili na ipi ni desturi. Kwa hiyo ndugu, mtu akiuliza watu wa Magharibi waweza kujifunza nini Mashariki, nasi tumo katika swali hilo.

Tuwaeleze habari za Mmagharibi mmoja aliyekubali kufundishwa. Jina lake Annalena Tonelli. Alizaliwa mwaka 1943 katika mji wa Forlì, nchi ya Italia, akasomea sheria. Alikuwa wa Kanisa Katoliki, nasi ni Waprotestanti. Lakini twaweza kumshukuru Mungu kwa ajili yake bila kuulizana kadi ya kanisa. Alikuja Kenya mwaka 1969, na upesi akafika Wajir kuwa mwalimu. Hakuwa mtawa, wala hakutumwa na shirika la misheni. Machoni pa wenyeji alikuwa na makosa manne: alikuwa kijana, alikuwa mweupe, alikuwa Mkristo, tena hakuwa na mume. Mwanamke asiye na mume, katika nchi ile, ni fumbo lisilo na jibu.

Siku zile kifua kikuu kiliwaua wafugaji wengi, nao waliuona ni ugonjwa wa aibu, wakauficha. Dawa zilikuwapo. Shida ilikuwa kwamba matibabu ya kale yalichukua mwaka mmoja, hata mwaka na nusu. Mfugaji hawezi kulala wodini muda wote huo. Ngamia wake wanafuata mvua, na jamaa zake wanafuata ngamia. Akipata nafuu kidogo huondoka. Na kifua kikuu kina tabia hii: dawa ikikatizwa, ugonjwa hurudi, na mara nyingi hurudi ukiwa umeshaizoea dawa ile, basi mgonjwa hufa, na kabla ya kufa huambukiza wengine.

Watu wengi wenye elimu walisema, "Hawa wahamaji hawafundishiki." Annalena alikaa nao, akaona kwamba si wagonjwa walio wagumu, kitanda ndicho kigumu. Mwaka 1976 alipewa kuongoza mpango wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu wahamaji. Badala ya kuwafungia wodini, waliachiwa kiwanja huko Wajir, wakajenga herio zao wenyewe.

Herio ni nyumba ya Msomali mfugaji: fito zilizopindwa, zikafunikwa kwa mikeka. Wanawake ndio wanaoijenga, nao ndio wanaoibomoa na kuipakia juu ya ngamia siku ya kuhama. Mgonjwa alikuja na jamaa zake, akakaa katika nyumba yake mwenyewe, akala chakula alichokizoea. Kila siku alimeza dawa mbele ya macho ya mhudumu, naye kwa dawa mpya zenye nguvu alimaliza matibabu kwa miezi sita. Mahali pale watu wakapaita manyatta ya TB. Tangu miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani limeieneza katika nchi nyingi njia ya namna hiyo, ya kumwangalia mgonjwa akimeza dawa.

Fikirini jambo hilo, wapendwa. Dawa ilitoka Magharibi, na ilikuwa dawa njema. Lakini ilikuwa haiponyi, mpaka ilipoingia ndani ya nyumba ya mikeka. Aliyeijua nyumba hiyo ni mama wa Kisomali asiyejua kusoma. Annalena alikuwa Musa, na mama yule alikuwa Yethro.

Alikaa Wajir mpaka mwaka 1985. Mwaka uliotangulia, Februari 1984, wanaume wengi wa ukoo wa Degodia walikusanywa na askari wa serikali katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakauawa huko. Serikali ilitaja watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika katika ripoti yake ya mwaka 2013 kwamba huenda walikaribia elfu moja. Annalena alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuokota maiti na kuwahudumia waliosalia, na habari zikatoka nje. Mwaka uliofuata ilimbidi aondoke Kenya. Hakurudi kwao kustarehe. Alikwenda Somalia, kwa watu wale wale, na miaka ya mwisho akawa Borama akitibu kifua kikuu. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya Nansen kwa ajili ya kazi yake kwa wakimbizi. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi huko Borama, akafa.

Miaka miwili kabla ya kufa aliitwa Vatican kutoa ushuhuda. Hakujisifu kwa wingi wa wagonjwa. Alisema kwamba wale wahamaji wa jangwani ndio waliomfundisha kuanza kila jambo kwa jina la Mungu. Akasimulia pia habari za mzee mmoja aliyeheshimiwa, ambaye alimwambia kwa maneno kama haya, kwamba Waislamu wanayo imani, naye anao upendo. Kila mmoja alikuwa amesoma kitu katika uso wa mwenzake.

Basi, sisi tulisoma nini? Tutataja mambo matatu tu.

Jambo la kwanza ni jina la Mungu katika kazi. Huko Garissa dereva wa lori husimama kando ya njia, hutawadha kwa maji ya birika, na maji yakikosekana hutumia mchanga, kisha huswali. Abiria wanangoja, hakuna anayenung'unika. Mtu akitaka kukama ngamia hutaja jina la Mungu kabla ya kukigusa kiwele. Watoto wa duksi, yaani chuo cha Kurani, huketi na mbao zao mapema asubuhi, wakikariri kwa sauti mpaka maneno yamekaa kichwani.

Sisi tukaanza kuona haya. Si kwamba hatukuwa na sala. Tulikuwa nazo, lakini Mungu alikuwa na siku yake, na kazi ilikuwa na siku zake. Kumbe Paulo alikwisha kutuagiza katika Wakolosai 3:17 kwamba lolote tufanyalo, kwa neno au kwa tendo, tulifanye katika jina la Bwana Yesu. Tulikuwa tumelisoma neno hilo miaka mingi. Jirani Mwislamu ndiye aliyetufanya tulione. Na watoto wetu wa shule ya Jumapili, je, wanajua zaburi ngapi bila kuangalia kitabu?

Jambo la pili ni mgeni. Sisi watu wa mashamba tuna methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jangwani hakuna jembe, wala hakuna siku ya tatu. Mgeni akikosa kupokelewa leo, kesho ni maiti.

Mwaka mmoja, wakati wa jilaal, yaani kiangazi kikali cha Januari hadi Machi, gari letu liliharibika njia ya Wajir. Tulitembea mpaka tukaona herio mbili. Wenyeji walikuwa wamekonda, na mbuzi wao walikuwa wamekonda zaidi. Mama mwenye nyumba alitoa chombo cha maziwa, kile kinachofukizwa moshi ndani, akatumiminia yote. Watoto wake walitazama wakanyamaza. Tulipokunywa tukaona aibu, tukatoa noti tukampa mzee. Uso wake ukabadilika. Akauliza kwa Kiswahili cha taratibu, "Mwalimu, kwenu mgeni analipa?" Tukasema hapana. Akasema, "Basi weka pesa. Maziwa haya hayana duka." Kisha akatuonyesha njia, akatusindikiza kwa miguu saa nzima.

Tulikuwa tumehubiri juu ya Ibrahimu na wageni watatu, Mwanzo sura ya 18, mara nyingi sana. Tulidhani ni hadithi ya zamani. Siku ile tuliingia ndani ya hema la Ibrahimu, tukanywa maziwa yake. Tuliporudi nyumbani kwetu bara, kitu cha kwanza tulichokiona ni lango la chuma na kibao kinachosema "Mbwa Mkali." Lango hilo ni letu, na sisi ni washirika wa kanisa.

Jambo la tatu ni kuketi mpaka shauri limalizike. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Wajir zilipigana vibaya sana. Watu walikufa, mifugo ikaporwa, hata sokoni wanawake wakakataa kuuziana vitu kwa sababu ya ukoo. Wanawake wachache, mmoja wao Dekha Ibrahim Abdi, walianza na lile lililokuwa karibu nao. Walikwenda sokoni, wakasema kila mwanamke ana haki ya kuuza na kununua, awe wa ukoo wowote, nao wakaweka wanawake wa kuliangalia jambo hilo. Kisha wakawaendea wazee, wazee wakaketi; wakawaendea vijana; wakawaendea wakubwa wa serikali. Mwaka 1995 kamati ya amani ya Wajir ikawa sehemu ya kazi za wilaya, na wilaya nyingine zikafuata mfano huo. Dekha alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki mwaka 2011.

Yethro alimwambia Musa agawe kazi na kuwaamini watu wengine. Wanawake wa Wajir walifanya hivyo hivyo. Na sisi? Makanisa yetu mangapi yamepelekana kortini kwa ajili ya kiwanja au kiti cha uenyekiti, huku vitabu vya Wakorintho vimelala juu ya mimbari? Tuna katiba, mihuri na mawakili. Kuketi chini tumesahau.

Lakini tusidanganyane, wapendwa. Hatusemi kwamba dini zote ni moja. Sisi tunamkiri Kristo aliyesulubiwa akafufuka, na jina hilo hatuliachi Garissa wala Nairobi. Wala hatusemi kwamba nchi ile haina dhambi. Kuna visasi vya koo. Kuna wasichana wanaokeketwa. Kuna wanaume wanaotafuna miraa mchana kutwa huku wake zao wakihangaika. Na hapo nasi tusijifanye wasafi, maana miraa hiyo hutoka Meru. Bwana Yesu alimsifu akida wa Kirumi kwa imani yake, akamweka Msamaria kuwa mfano wa jirani mwema, naye hakusema kwamba Roma na Samaria hazina kosa. Alitaka tu wanafunzi wake wawe na macho.

Sasa twarudi kwa swali lako la pili, mama. Watamfanyia nini?

Hatutakuficha. Tarehe 1 Julai 2012, siku ya Jumapili, makanisa mawili mjini Garissa yalishambuliwa, na watu 17 wakauawa. Tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi kabla ya Pasaka, watu wenye silaha waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri. Baadhi ya wanafunzi walikuwa katika maombi. Waliouawa siku ile ni watu 148, wengi wao vijana wa umri wa binti yako. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti hiyo hiyo, na walimu wengi wasio wenyeji wakahamishwa kutoka Kaskazini Mashariki. Tulizika wengine wa hao. Ukituuliza kama tuliogopa, tuliogopa, na wengine wetu tuliondoka.

Lakini ni haki uyasikie na mengine. Baada ya makanisa yale kushambuliwa, viongozi wa Waislamu walitoa shauri kwamba vijana wao wayalinde makanisa. Na tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likienda Mandera lilisimamishwa karibu na El Wak. Wauaji waliwaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Wakakataa. Wanawake walikuwa wamewapa Wakristo hijabu zao wajifunike. Wakawaambia wauaji: tuueni sote pamoja, au mtuache. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku hiyo, akafa mwezi uliofuata, na serikali ikampa nishani ya heshima baada ya kufa kwake.

Wale wa basi walijifunza wapi jambo lile? Sisi twafikiri hawakujifunza siku ile. Walijifunza utotoni, walipomwona mama akimimina maziwa ya mwisho kwa mgeni, na wao wakitazama wakanyamaza. Aliyepanda basi moja nawe ni mgeni wako. Mgeni hatolewi.

Kwa hiyo, mama, hatukuamuru umpeleke binti yako, wala hatukuamuru umzuie. Hilo mtaliamua ninyi kwa maombi, na baba yake, na mchungaji wenu, na binti mwenyewe, ambaye ni mtu mzima. Lakini akienda, twaomba ulibadilishe swali lako la kwanza. Usimwulize tu atawafundisha nini. Mwambie akifika wodini, akimwona mgonjwa anayetoroka, asikimbilie kusema, "Watu hawa hawaelewi." Aulize nyumba yao ni ya namna gani. Mwambie ajifunze "Nabad?" ambayo maana yake ni "Ni amani?" kabla hajajifunza kulalamika juu ya joto. Akikaribishwa chai, akae mpaka iishe. Mwambie asifiche kwamba yeye ni Mkristo, wala asilipigie jambo hilo kelele. Walioishi na Annalena hawakuhitaji kuambiwa yeye ni mtu wa nani.

Na sisi tuliobaki huku bara tunayo kazi yetu. Wako Wasomali wengi Eastleigh, na Nakuru, na Eldoret, na katika kila mji wenye duka. Wangapi wetu tumewahi kunywa chai nyumbani kwa mmoja wao? Twawahesabu kuwa hatari, wakati mwingine twawahesabu kuwa shamba la kuhubiri. Kuwahesabu kuwa walimu hatujajaribu. Musa alijaribu, na taifa la Israeli likafaidika.

Nenda kazitazame Kutoka 2 na 18 jioni hii, pamoja na watu wa nyumbani mwako. Kisha ulizaneni: Yethro wetu ni nani, na tumewahi kumpa nafasi ya kusema?

Tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, uliyemlisha Musa kwa mkate wa mgeni, utusamehe kiburi chetu. Tulipokwenda kwa majirani tulikwenda na mikono iliyojaa, nasi hatukuwa na nafasi ya kupokea. Uwafariji wazazi waliopoteza watoto wao Garissa, na jamaa za waliokufa Wagalla. Umlinde binti huyu, popote utakapomweka. Utupe amani, nasi tuwape wengine. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.

Mpaka tutakapokutana tena, neema na amani ziwe nanyi nyote.